Tuta ndani ya tuta: kumtambua nondo anayechimba majani ya nyanya

Mama mmoja anayelima nyanya upande wa Nyantende, karibu na Bukavu, Kivu ya Kusini, huku Kongo, alinijia Jumapili moja baada ya misa, sashe nyeusi mkononi. Hakusalimia kwa kirefu. Aliimwaga mezani: majani ya nyanya kama ishirini, mengine yamejikunja, mengine yana mabaka ya kahawia kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa.

"Mildiu hii imenishinda, mwanangu," alisema. "Niko natia dawa kila juma. Mara tatu sasa. Haiko inasaidia kitu."

Mildiu ni ugonjwa wa ukungu unaoozesha majani. Dawa yenyewe ilikuwa mankozebu ya unga, aliyouziwa na mtu wa duka ambaye hakuomba hata kuliona jani. Nilichukua jani moja, nikawasha tochi ya simu, nikaliweka juu ya mwanga. Baka lile likang'aa kama nailoni. Ndani yake, karibu na ukingo, palikuwa na kitu chenye urefu wa nusu ya punje ya mchele, rangi ya kijani kibichi, na kilikuwa kinatembea. Nyuma yake kilikuwa kimeacha rundo la vipunje vyeusi. Mama akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kiko ndani?" aliuliza. "Ndani ya jani?"

Kilikuwa ndani ya jani. Na mankozebu ni dawa ya ukungu. Kiwavi aliyefunikwa na ngozi ya jani haimhusu, umtilie mara tatu au mara thelathini.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali lilelile na watu wengi wanaolima kuzunguka Bukavu, na wengine wanaoleta nyanya kutoka bonde la Ruzizi, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja. Mdudu mwenyewe si mgumu kumtambua. Kinachosumbua ni kwamba katika maisha yake ana maumbo manne na makao manne, na mkulima humkuta daima kwenye umbo moja tu, au hamkuti kabisa, anakuta alama.

Wengi wanamwita Tuta absoluta. Kwa msemaji wa Kiswahili jina hilo lina kichekesho, maana nyanya tunazipanda juu ya matuta, na utaona mbele kwamba sehemu ya maisha yake mdudu huyu hulala ndani ya tuta hilohilo. Ni bahati tu, neno la kisayansi halina undugu na jembe letu. Mwingereza Edward Meyrick, aliyeandika habari za nondo wadogo maelfu kwa maelfu, ndiye aliyemweleza mara ya kwanza, mwaka 1917, kutokana na mdudu aliyepatikana Huancayo, kwenye milima ya Peru. Alimwita Phthorimaea absoluta. Baadaye akahamishwa kundi hadi kundi, akafikishwa kwenye Tuta mwaka 1994, na mwaka 2021 wataalamu wakamrudisha Phthorimaea alikoanzia. Ukikuta karatasi moja inasema hivi na nyingine vile, ni mdudu yuleyule. Wakulima wa Tanzania walimaliza ubishi kwa kumwita kantangaze. Na Nigeria, mwaka 2016, alipoteketeza nyanya za Kaduna hadi serikali ya jimbo ikatangaza hali ya dharura, watu walimpa jina la Ebola ya nyanya, jina ambalo sisi wa Kivu hatuwezi kulitamka kwa mzaha.

Safari yake ni fupi kwa miaka, ndefu kwa kilomita. Hadi mwaka 2006 alikuwa mdudu wa Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa mwaka huo akaonekana Hispania, akaizunguka Bahari ya Mediterania, akashuka Afrika ya Kaskazini, Sudan, Ethiopia, na kufikia 2014 alikuwa Kenya na Tanzania. Kongo yetu nayo haikupona. Hakuruka umbali huo wote kwa mabawa yake. Alipanda magari, ndani ya kreti za nyanya na miche, kama abiria asiyelipa.

Kabla sijaingia ndani, neno moja. Vitabu vingi huita mtoto wa mdudu lava. Mtu wa Kivu akisikia lava anatazama upande wa volkano ya Nyiragongo. Nitasema kiwavi kwa mtoto wa nondo, na funza kwa mtoto wa nzi, na tofauti hiyo itatufaa sana hapa chini. Nondo ni yule kipepeo mdogo wa usiku anayezunguka taa.

Sasa neno "mchimba majani" lenyewe. Watu wanalitumia kama jina la mdudu mmoja, na hapo ndipo dawa zinapoanza kukosea njia. Ni jina la kazi. Ukimwita mtu wa Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu, mchimbaji, hujasema ametoka ukoo gani, umesema tu kwamba anashuka shimoni. Wadudu nao wako hivyo: kuna nondo wanaochimba majani, kuna nzi wanaochimba majani, hata baadhi ya mbawakawa. Koo mbalimbali, kazi moja.

Na kazi hiyo ina akili yake. Jani, hata liwe jembamba namna gani, lina ngozi mbili, ya juu na ya chini, na katikati kuna nyama laini ya kijani. Ngozi ni ngumu na ina nta, utamu wote uko katikati. Mdudu mdogo wa kutosha akiweza kupenya ngozi moja, anakuta chakula na nyumba mahali pamoja: jua halimkaushi, mvua haimwoshi, ndege hawamwoni kwa urahisi, na dawa ya bomba inatiririka juu ya paa lake. Anakula nyama, anaacha ngozi zote mbili zimesimama. Ndiyo maana baka lilipitisha mwanga wa simu yangu. Lile baka ni handaki lililo tupu, lenye dari na sakafu.

Kipimo cha kwanza kinatoka hapo hapo, na hakihitaji hata tochi. Kwaruza ukingo wa baka kwa ukucha. Kama ni handaki, ngozi ya juu itabanduka peke yake, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na chini yake utaona uwazi. Kama ni mildiu, hakuna cha kubandua: jani limeoza lote, juu hadi chini. Mildiu ina dalili zake nyingine pia. Baka lake huanza kama limelowa maji, lina rangi ya giza, na ukiligeuza jani asubuhi yenye ukungu utaona kwenye ukingo wa baka uotaji mweupe kama vumbi la unga. Hapo mankozebu ina kazi. Kwenye handaki haina.

Tukishajua kwamba ni handaki, swali linalofuata ni nani amelichimba, na kwenye nyanya za kwetu washukiwa wakubwa ni wawili: nondo tunayemzungumzia, na nzi wadogo wa kundi la Liriomyza. Hapa naomba uvumilivu, maana hapa ndipo hata maagronomu hukosea wakiangalia kwa haraka.

Nzi huandika mstari. Handaki lake ni jembamba, jeupe, linapindapinda juu ya jani kama njia ya nyoka, na linapanuka polepole kadiri funza anavyokua: mwanzoni kama uzi, mwishoni kama milimita moja na nusu au mbili. Mavi yake yako humohumo kama kistari chembamba cheusi, kimekatikakatika, mara upande huu, mara upande ule. Mara nyingi kwenye jani hilo utaona pia vidoa vyeupe vingi, kama mtu amelichoma kwa sindano. Ni jike la nzi anayetoboa jani kwa ncha ya mkia wake ili anywe maji yake. Dume hana kifaa cha kutobolea, huja nyuma na kunywa kwenye matundu ya jike. Nimewahi kuwasimulia vijana wa shule habari hii, wakacheka hadi kengele ikalia.

Nondo huandika baka. Handaki lake ni pana, halina umbo maalumu, linafanana na ramani ya kisiwa, na mavi yake hayapangwi kwa mstari bali yanarundikwa. Baada ya siku chache ngozi iliyobaki inakauka, inakuwa kahawia, na ndipo watu wanaposema mildiu.

Tatizo ni kwamba kiwavi wa nondo akiwa mchanga kabisa, wa siku moja au mbili, naye huanza kwa kijia chembamba. Ukikutana na kijia kama hicho usihukumu. Tafuta majani makubwa zaidi ya mmea huohuo, au fungua handaki umtazame mwenye nyumba.

Huyo mwenye nyumba ndiye hukumu ya mwisho. Mtoe kwa ncha ya sindano, umweke kwenye karatasi nyeupe. Funza wa nzi hana kichwa cha kuonekana wala miguu, ni kama tone la samli, na mbele ana kulabu mbili nyeusi tu za mdomo. Kiwavi wa nondo ana kichwa kamili, kigumu, cha rangi ya kahawia, ana jozi tatu za miguu karibu na kichwa na miguu mingine minene ya kushikia kuelekea nyuma. Ukimgusa anajikunja au anarudi kinyumenyume. Mama wa Nyantende, nilipomwonyesha kile cha kwenye meza, alisema mara moja, "Huyu ana uso." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Jambo jingine linawatenganisha. Funza wa nzi huzaliwa, hula na kukua katika handaki moja tu, kisha hukata upenyo mdogo, hudondoka chini, na mambo yake na jani yamekwisha. Kiwavi wa nondo huhama. Akiona handaki limekuwa finyu au jani limeanza kukauka, hutoka nje, hutembea juu ya mmea na kuchimba kwingine: jani jingine, kikonyo, shina changa, au tunda. Ndiyo sababu utafungua mahandaki mengi ya nondo ukayakuta matupu, na bado mmea unaendelea kuliwa.

Sasa maisha yake, umbo kwa umbo.

Yai ni dogo kuliko nukta iliyo mwishoni mwa sentensi hii: urefu wa milimita 0.36, upana wa 0.22. Lina umbo la pipa, rangi ya maziwa mazito, na linageuka manjano, kisha linatiwa giza karibu na kuanguliwa, maana kichwa cha mtoto kinaanza kuonekana. Hutagwa moja moja, hapa moja, pale moja, si kwa marundo. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Mengi huwekwa kwenye majani machanga ya juu, kiasi cha 73 katika kila 100. Yanayobaki huenda kwenye mishipa ya majani na mashina, machache kwenye vile vijani vya kijani vinavyoshika tunda, na moja hivi kati ya mia kwenye tunda bichi lenyewe. Hii ina maana kwamba mtu anayekagua shamba akiwa amesimama, anaangalia matunda, anaangalia mahali ambapo yai ni adimu kuliko pote.

Kiwavi hutoka baada ya siku nne hadi sita, zaidi kidogo kwenye baridi, naye ni wa chini ya milimita moja. Anazunguka juu ya jani kwa muda mfupi akitafuta pa kuingilia. Muda huo mfupi ndio dawa nyingi zinaungojea, na ndio zinaukosa. Akishaingia, anapitia hatua nne, na kati ya hatua na hatua anavua ngozi. Mwanzoni ana rangi ya malai na kichwa cheusi. Akila nyama ya kijani, naye anakuwa kijani. Hatua ya mwisho, akikaribia milimita saba au nane, mgongo wake unapata wekundu hafifu kama wa maji ya waridi. Wengi wakimkuta na wekundu huo hudhani ni mdudu mwingine aliyeongezeka shambani. Ni yuleyule, amezeeka kidogo.

Alama ya kuitafuta katika hatua zote za ukubwa iko shingoni. Nyuma tu ya kichwa kuna kigamba, na kwenye ukingo wa nyuma wa kigamba hicho kuna mstari mwembamba mweusi, kama mtu aliyevaa mkufu. Mstari tu. Nausisitiza kwa sababu ana ndugu yake wa karibu, nondo wa viazi, Phthorimaea operculella, ambaye naye huchimba majani ya viazi ulaya na ya nyanya, na handaki lake linafanana sana. Kiwavi wa nondo wa viazi kigamba chake chote ni cheusi au kahawia ya giza, si mkufu bali kola nzima. Tena ni mkubwa zaidi, hufika milimita kumi na zaidi, na akikomaa kuwa nondo mabawa yake yaliyotandazwa hufika milimita 12 hadi 16, wakati ya Tuta ni 8 hadi 10. Kioo kidogo cha kukuzia kinatosha kuuona mkufu. Hata kamera ya simu ikisogezwa vizuri inatosha, mradi mkono usitetemeke.

Anapokwisha kushiba anaacha kula, anatoka, na kwa kawaida anajiangusha chini kwa uzi wa hariri. Anaingia kwenye udongo, sentimita moja au mbili tu, anajifunga kwa hariri nyembamba iliyochanganyika na vumbi, na kuwa pupa, yaani umbo ambamo kiwavi hugeuka kuwa nondo. Ndilo lile tuta ndani ya tuta. Wengine hawashuki, hubaki kwenye mkunjo wa jani au ndani ya handaki lao la mwisho. Pupa mpya ni ya kijani, kisha inakuwa kahawia kama mbegu ya papai, urefu wa milimita tano hivi. Haili, haitembei, haihitaji jani lolote. Siku kumi, au kumi na zaidi kidogo, imekaa tu.

Kisha anatoka nondo, na mtu aliyepoteza shamba lake huwa anakata tamaa kidogo akimwona, maana hafanani na hasara iliyotokea. Milimita sita hivi, rangi ya majivu ya kijivu na kahawia, vidoa vyeusi kwenye mabawa ya mbele, ameyakunja mabawa juu ya mgongo kama paa la nyumba. Papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, ni ndefu, zina pete nyeupe na nyeusi zinazopishana, na unaweza kuziona kama shanga. Mchana hujificha katikati ya majani. Huruka jioni na alfajiri. Dume huishi siku sita au saba, jike hadi kumi na tano.

Sasa hesabu ya joto, na hapa ndipo jiografia yetu inapoingia. Majaribio yaliyofanywa Chile yalionyesha kwamba kutoka yai hadi nondo inachukua siku kama 76 kwenye nyuzi 14, siku 40 hivi kwenye nyuzi karibu 20, na siku 24 kwenye nyuzi 27. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi, na wastani wa joto ni karibu nyuzi 20. Shuka Ngomo, pita Kamanyola, uingie bonde la Ruzizi kuelekea Uvira, na umepoteza mamia ya mita za mwinuko na kuongeza nyuzi kadhaa. Mdudu anayemaliza maisha yake kwa siku arobaini huku juu, kule chini anayamaliza mapema zaidi, na katika msimu mmoja wa nyanya anapata kizazi cha ziada. Kizazi cha ziada, kwa jike wa mayai 260, si nyongeza ya kujumlisha, ni ya kuzidisha. Mfanyabiashara anayesema nyanya za bondeni "zina vidudu zaidi" hajasoma jedwali lolote, lakini hajakosea. Na nyanya hizo zinapopanda gari kwenda soko la Kadutu, zinapanda na wenyeji wake: angalia chini ya kile kikonyo cha kijani, utakuta kitundu kama cha pini, na pembeni yake vumbi jeusi.

Nisiache bila kutaja wachimbaji wengine wa jirani, kwa sababu watu huniletea majani yao pia. Kwenye kahawa za Kabare na Idjwi, baka la kahawia upande wa juu wa jani lenye viwavi kadhaa ndani ya chumba kimoja ni la nondo weupe wadogo wa kundi la Leucoptera. Wakimaliza, hutoka na kusuka chini ya jani kitambaa cheupe cha hariri chenye umbo la herufi H. Ukiiona H hiyo, kesi imekwisha. Kwenye majani machanga ya limau na machungwa, njia ya fedha inayong'aa yenye mstari wa mavi katikati, na jani limejikunja, ni Phyllocnistis citrella. Hao hawataenda kwenye nyanya zako, wala wa nyanya hatakwenda kwenye kahawa. Anayependa nyanya hupenda ukoo wake: viazi ulaya, bilinganya, na mnavu unaoota wenyewe kando ya shamba.

Kama bado una shaka, mfuge. Sisemi kwa mzaha. Nilichukua majani sita ya yule mama yaliyokuwa na viwavi hai, nikayaweka kwenye chupa ya mayonezi iliyooshwa, chini nimetandika karatasi ya chooni iliyokunjwa, mdomoni nimefunga kitambaa chepesi ili hewa ipite. Majani yalipokauka niliongeza mapya. Siku ya nne viwavi wawili walikuwa wameshaingia kwenye mikunjo ya karatasi na kujifunga. Siku ya kumi na saba, asubuhi, palikuwa na nondo mmoja kwenye kitambaa, amekaa kimya, papasi zake zenye shanga zimelala mgongoni. Hapo hapakuwa na ubishi tena. Kutoka kwa kiwavi mwingine sikupata nondo kabisa: alitoka nyigu mdogo mweusi, mwembamba kama kope. Alikuwa amekulia ndani ya kiwavi. Nyigu wa namna hiyo ni rafiki, na dawa kali ya kunyunyizia kila juma humuua yeye kabla haijamfikia kiwavi aliye chini ya paa lake. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilicho Nairobi, waliona thamani ya rafiki kama huyo hadi wakaagiza nyigu mwingine, Dolichogenidea gelechiidivoris, kutoka Peru, nyumbani kwa mdudu mwenyewe.

Kuhusu dawa nitasema machache, kwa sababu makala hii ni ya kutambua. Ukijua umbo gani liko shambani, unajua pia kwa nini dawa imeshindwa. Ya kugusa ngozi haimpati aliye ndani ya jani wala aliye ndani ya udongo. Nyunyiza leo, umeua waliokuwa nje. Kesho mayai yanaanguliwa, juma lijalo pupa zinatoa nondo wapya. Tena mdudu huyu amezoea dawa nyingi, huko Amerika ya Kusini alizishinda zile za jamii ya piretroidi na ya organofosfati, na kwingineko hata za kisasa zaidi. Dawa yenye bakteria Bacillus thuringiensis hufanya kazi ikiliwa na kiwavi mchanga, kwa hiyo itiwe mapema, jioni, si pale mabaka yamejaa. Mitego yenye harufu ya jike huvuta madume na inafaa sana kukuambia kwamba mdudu amefika. Kuutegemea mtego peke yake ummalize ni jambo jingine: watafiti wa Gembloux, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2012 kwamba jike anaweza kutaga mayai yenye uzima bila dume kabisa.

Jumamosi iliyofuata nilimfuata mama shambani. Alikuwa amefanya kazi kubwa: majani yote yenye mabaka ameyachuma kwa mkono, mmea kwa mmea. Ila alikuwa ameyarundika kando ya shamba, chini ya mnavu, na rundo lilikuwa limeshakauka juu. Nilifukua kwa kijiti udongo ulio chini yake. Pupa ya kwanza ilitoka karibu na uso wa ardhi, kahawia, inatikisa ncha ya mkia. Nikapata nyingine, na nyingine. Mama hakusema kitu. Alikwenda nyumbani, akarudi na mfuko wa nailoni mzito, tukajaza majani yote na udongo wa chini yake, akaufunga kwa kamba na kuuweka juani juu ya bati.

Hatua chache kutoka hapo alikuwa amepanda matuta matatu mapya. Miche ilikuwa na juma mbili, mizuri, haina alama hata moja. Alitaka tuondoke. Nikamwomba tuchuchumae kidogo, tugeuze majani ya juu ya miche kumi ya kwanza, yeye na miwani yake, mimi na kioo changu. Mche wa kwanza hapakuwa na kitu. Wa pili pia. Kwenye wa tatu, karibu na mshipa wa katikati, aliliona yeye kabla yangu, la manjano, halijatiwa giza bado.

"Moja," alisema, akasogea kwenye mche wa nne.